Paa la Asbesto: Lilikotoka, na Kwa Nini Tunalipia Kulishusha



Katika bajeti ya harambee ya mwaka huu, iliyochapishwa kwenye kurasa za kati za kijitabu hiki, kuna mstari mmoja ambao umeulizwa kuliko mistari mingine yote. Ni ule unaosomeka "kushusha na kuzika mabati ya zamani". Fedha zilizotengwa hapo zinakaribia zile za kununulia mabati mapya. Kila tulipokutana, iwe Dar es Salaam au nyumbani, swali lilikuwa lilelile: tangu lini mtu akalipa ili atupe bati kuukuu? Wengine waliongeza kwamba wapo mafundi walio tayari kuifanya kazi hiyo bure, mradi waruhusiwe kuondoka na mabati yenyewe.

Sisi wa Kamati ya Fedha tunalipenda sana neno "bure". Mara hii tumelikataa, na mchangiaji ana haki ya kujua sababu. Maelezo yake hayatoshi kwenye mstari mmoja wa bajeti, maana yanaanzia mbali, zaidi ya miaka 100 nyuma, na sehemu kubwa ya habari hii imetokea katika bara letu.

Tuanze na nyumbani. Madarasa sita ya kwanza ya shule yetu ya msingi, pamoja na nyumba mbili za walimu, yalijengwa katika miaka ile iliyofuata Azimio la Musoma la Novemba 1974, taifa lilipoamua kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi. Wazee wetu walifyatua matofali, akina mama wakasomba maji na mchanga, vijana wakakata mbao. Mabati yakaja kwa lori. Yalikuwa ya kijivu, mazito, yenye mawimbi mapana, na ukiyagonga hayakulia kama bati la kawaida bali yalitoa sauti ya kigae. Wengi waliyaita mabati ya saruji, na hawakukosea sana.

Inafaa kusema wazi kwamba wazee hawakuchagua kitu kibaya kwa uzembe. Mabati yale yalikuwa mazuri. Hayakushika kutu. Jua la saa saba halikuyafanya darasa kuwa tanuri. Na aliyewahi kusoma chini ya bati jembamba wakati wa masika anajua kwamba mvua ikianza, mwalimu hunyamaza na kalamu huwekwa chini. Chini ya mabati ya saruji mwalimu aliendelea kusikika. Kwa shule ya kijijini, hiyo ilikuwa faida ya kweli kabisa, na tunapoyashusha leo hatuna sababu ya kuwacheka walioyapandisha.

Siri ya ubora huo ilikuwa nyuzi zilizochanganywa ndani ya saruji. Asbesto ni madini yanayochimbwa ardhini, lakini tofauti na mawe mengine, yanachambulika kuwa nyuzi laini kama pamba. Hayaungui, hayaozi, hayaliwi na asidi kirahisi. Jina lenyewe limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kisichozimika. Ziko aina kadhaa, na zilizouzwa zaidi ni nyeupe, ya bluu na ya kahawia.

Mtu aliyeyapa madini hayo paa la kukalia ni Ludwig Hatschek wa Austria. Alichukua mashine iliyofanana na ya kutengenezea karatasi, akapitishia humo uji wa saruji na nyuzi za asbesto, akapata bamba jembamba, gumu na jepesi kuliko kigae. Alipata hataza yake mwaka 1901 na bidhaa akaiita Eternit, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya umilele. Nyuzi zenyewe hazikuwa nyingi, kwa kawaida asilimia 10 hadi 15 ya uzito, na kilichobaki ni saruji. Bei ilikuwa nzuri. Ndani ya miongo michache mabati na mabomba ya aina hiyo yalikuwa yameenea Ulaya, na tawala za kikoloni zikayaleta huku kwenye vituo vya reli, hospitali, kambi na nyumba za watumishi. Baada ya uhuru serikali nyingi za Afrika ziliendelea kuyatumia, kwa sababu zilezile: yanadumu, na hayahitaji rangi.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo, tulipolisoma kwa mara ya kwanza, lilitufanya tuangalie tarehe upya. Wakati Hatschek anapata hataza yake, ubaya wa vumbi la asbesto ulikuwa umeshaandikwa. Mwaka 1898 mkaguzi wa viwanda wa Uingereza, Bi. Lucy Deane, aliieleza serikali yake kwamba vumbi hilo lilikuwa linawadhuru wafanyakazi, na kwamba likitazamwa kwa hadubini chembe zake zilionekana kama vipande vikali vya kioo. Mwaka uliofuata mgonjwa mmoja mwenye umri wa miaka 33 alifika kwa Dkt. Montague Murray katika hospitali ya Charing Cross mjini London, akishindwa kupumua. Alikuwa amefanya kazi miaka 14 katika kiwanda cha asbesto. Alimwambia daktari kwamba chumba alichoanzia kazi kilikuwa na watu kumi, na kati yao yeye peke yake ndiye aliyebaki hai. Akafa naye. Daktari alilieleza jambo hilo mbele ya tume ya serikali mwaka 1906.

Kisha ikapita miaka. Mwaka 1924 alikufa Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kiwanda cha Turner Brothers huko Rochdale, naye akiwa na miaka 33. (Tumeikagua mara mbili namba hiyo tukidhani ni kosa la uchapaji, si kosa.) Kampuni ilikataa kulipa fidia. Daktari aliyeyachunguza mapafu yake, W. E. Cooke, aliandika habari zake katika jarida la madaktari la Uingereza, na baadaye ugonjwa ukapewa jina la asbestosisi, maana yake mapafu kujaa makovu kwa sababu ya nyuzi za asbesto. Serikali ilipotuma wakaguzi, taarifa yao ya mwaka 1930 ilionyesha kwamba kati ya wafanyakazi 363 waliopimwa, 95 walikuwa na makovu hayo, yaani zaidi ya robo. Kanuni za kudhibiti vumbi viwandani zikatungwa mwaka 1931. Zilihusu viwanda vya Uingereza. Hazikuwahusu wachimbaji wa Afrika, wala mwashi wa Afrika aliyepewa msumeno akaambiwa akate.

Na Afrika ndiko nyuzi nyingi zilikokuwa zinatoka. Asbesto nyeupe ilichimbwa Shabanie na Mashaba katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, na Havelock huko Swaziland, ambayo leo inaitwa Eswatini. Migodi hiyo ilikuwa chini ya Turner & Newall, kampuni iliyozaliwa mwaka 1920 kutokana na Turner Brothers wa Rochdale na wenzao. Asbesto ya bluu na ya kahawia ilitoka Afrika Kusini. Ile ya kahawia hata jina lake la kitaalamu, amosaiti, limeundwa kwa herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya Migodi ya Asbesto ya Afrika Kusini.

Kutoka kwenye migodi hiyo ya bluu ndiko ulikotoka ugunduzi uliobadilisha kila kitu, na namna ulivyopatikana inatuhusu sana sisi tunaotoka mahali ambapo kila kikohozi kirefu huitwa kifua kikuu. Katika miaka ya 1950, katika hospitali ya kifua kikuu mjini Kimberley, Dkt. C. A. Sleggs aliona wagonjwa ambao vifua vyao vilikuwa vimejaa maji na ambao dawa za kifua kikuu hazikuwasaidia. Ajabu ni kwamba wengi walitoka upande mmoja wa nchi, upande wenye migodi. Mtaalamu wa patholojia, Christopher Wagner, alipochunguza alikuta saratani ya utando unaofunika mapafu, inayoitwa mesothelioma, ambayo hadi wakati huo madaktari wengi waliiona kuwa nadra mno, na wengine walitilia shaka hata kuwepo kwake. Mwaka 1960 Wagner, Sleggs na Paul Marchand walichapisha habari za wagonjwa 33. Karibu wote walikuwa wamekutana na asbesto ya bluu, lakini si wote waliokuwa wachimbaji. Walikuwamo watu walioishi tu jirani na migodi walipokuwa watoto, wakahama, wakaenda kufanya kazi nyingine kabisa, na ugonjwa ukawafuata miongo mingi baadaye.

Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1955, Richard Doll alikuwa ameonyesha kule Uingereza kwamba waliofanya kazi na asbesto kwa muda mrefu walikufa kwa saratani ya mapafu kuliko watu wengine. Kwa hiyo lori lilipoleta mabati yetu katika miaka ya 1970, mambo yote makubwa yalikuwa yameshajulikana: makovu ya mapafu, saratani ya mapafu, saratani ya utando. Yalijulikana London, New York na Johannesburg. Katika kijiji chetu hakuna aliyeambiwa.

Malipo yalipokuja kudaiwa, yalichelewa na yalikuwa madogo. Wachimbaji wa Afrika Kusini waliishtaki kampuni ya Cape huko Uingereza, na ikabidi wafike hadi mahakama ya juu kabisa, House of Lords, ambayo mwaka 2000 iliwaruhusu kesi yao isikilizwe kule. Mwaka 2003 yakapatikana maelewano: pauni milioni 7.5 kwa walalamikaji wapatao 7,500. Kugawanya ni kazi yetu ya kila siku, na hapa hata kikokotoo hakihitajiki: wastani ni pauni 1,000 kwa mtu. Wengine walikuwa wameshakufa kesi ikiendelea.

Uingereza yenyewe ilipiga marufuku asbesto ya bluu na ya kahawia mwaka 1985 na nyeupe mwaka 1999. Afrika Kusini ilifuata mwaka 2008. Jirani zetu wa Rwanda waliamua mwaka 2009 kuanza kuiondoa kwenye majengo nchi nzima. Nchi nyingine bado zinachimba na kuuza, Urusi ikiongoza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 200,000 hufa kila mwaka duniani kutokana na asbesto waliyokutana nayo kazini, na linasema aina zote, nyeupe ikiwamo, husababisha saratani.

Turudi kwenye madarasa yetu, kwa sababu tangu habari hii ianze kusambaa tumepokea simu za wazazi wenye hofu, wengine wakitaka kuwahamisha watoto kesho. Hofu hiyo haina msingi mkubwa kiasi hicho. Bati la asbesto lililo zima, lisilokatwa wala kusuguliwa, hushika nyuzi zake ndani ya saruji. Kukaa chini yake si sawa na kufanya kazi mgodini au kiwandani. Hatari inakuja pale linapovunjwa, linapokatwa kwa msumeno, linapotobolewa, linaposuguliwa kwa brashi ngumu ili kutoa ukoga, au linapoangushwa kutoka juu. Hapo nyuzi hutoka, nyembamba kiasi kwamba jicho halizioni, zikaelea hewani kwa saa nyingi. Mtu akizivuta, baadhi hukaa ndani ya mapafu na mwili hauna namna ya kuziyeyusha. Ugonjwa huja baada ya miaka 20, 30, hata 40 na zaidi. Mvutaji wa sigara aliyekutana na vumbi hilo yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya saratani ya mapafu kuliko ambaye hakuvuta.

Wengi mmeuliza pia kuhusu maji ya mvua yanayokingwa kutoka kwenye paa lile kwenda kwenye tangi. Kwa ushahidi uliopo, Shirika la Afya Duniani halijaona uthibitisho wa kueleweka kwamba asbesto inayonywewa kwenye maji huleta saratani. Ubaya wake mkubwa ni kwa njia ya kupumua. Hata hivyo mifereji itabadilishwa, na matope yaliyokauka kwenye mifereji ya zamani yasikwanguliwe na mtu yeyote kabla ya kazi kuanza.

Kinachotufanya tusiache paa hilo liendelee kukaa ni umri wake na historia yake. Karibu miaka 50 ya mvua imekula uso wa saruji. Upande wa miembe kuna mabati yaliyopasuka kwa matawi. Kila mwaka mpira unapanda, fundi anapanda kuufuata, na kipande kinashuka. Vipande hivyo havikuwahi kutupwa, maana kwetu hakitupwi kitu: viko kwenye mabanda ya kuku, vimefunika visima vya choo, vimewekwa kingo za bustani. Wengi wetu tunakumbuka kwamba kipande cha bati la shule kikiwekwa motoni hupasuka kwa mlio mkubwa, na hakuna mchezo uliopendwa kuliko huo.

Ndiyo maana ofa ya "bure" haiwezi kukubalika. Fundi anayechukua mabati kama ujira wake atayang'oa kwa nyundo, atayakata yaenee nyumbani kwake, na yaliyobaki atamuuzia jirani. Kwenye vitabu vyetu gharama itasomeka sifuri. Itakuwa imehamia kwenye kifua cha fundi, cha mkewe anayefua nguo zake za kazi, na cha watoto wanaocheza kwenye rundo, na itaonekana mwaka 2060 hivi, wakati kamati hii haipo.

Kazi itakayofanyika kwa fedha zenu iko hivi. Kwanza, vipande vya mabati vimepelekwa maabara, kwa sababu kwa macho mtu hawezi kutofautisha bati la asbesto na lile la saruji lenye nyuzi nyingine; majibu yamethibitisha asbesto. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, taka hatarishi hazisafirishwi wala kuzikwa bila kibali, na maombi yanapitia NEMC. Usalama wa wafanyakazi unasimamiwa na OSHA chini ya sheria ya mwaka 2003. Vibali na ukaguzi vina ada, nazo zimo kwenye mstari ule unaolalamikiwa.

Shule ikifungwa, eneo litazungushiwa uzio. Mabati yatalowanishwa kwa maji yenye sabuni kidogo ili vumbi lisiruke. Misumari itafunguliwa mmojammoja, bati zima litashushwa kwa mikono na kamba, halitatupwa chini wala kukatwa. Wafanyakazi watavaa nguo za kutupwa na barakoa maalumu zenye vichujio. Kitambaa au barakoa ya hospitali haizuii nyuzi hizi. Kila bati litafungwa kwa nailoni nzito mara mbili, litabandikwa alama, na kupelekwa kwenye shimo litakaloidhinishwa. Tabaka la juu la udongo chini ya michirizi ya paa litakwanguliwa likiwa bichi na kuzikwa pamoja nayo. Hakuna kufagia kukavu. Baada ya hapo ndipo mafundi wetu wa kijijini watapanda na mabati mapya, na kazi hiyo ni yao, hatutaleta mtu kutoka mjini. Tumeongeza dari, ili mvua isiwanyamazishe walimu.

Vipande vilivyo majumbani navyo vitapokelewa siku hizohizo bila kuuliza nani alichukua lini. Visivunjwe ili vibebeke. Mwenye navyo aandikishe tu kwa mwenyekiti wa kitongoji, na wenye vifaa watavifuata.

Jambo la mwisho halina gharama kubwa lakini tunaliomba kwa dhati. Mafundi waliokata na kupandisha mabati yale katika miaka ya 1970 wengine wangali hai, wazee sasa, na wapo waliokuwa vijana wa kuwashikia ngazi na kusomba vumbi. Tumefungua daftari katika ofisi ya mtendaji wa kijiji. Leteni majina yao, pamoja na ya mafundi wote waliofanya ukarabati miaka iliyofuata. Kila aliyeandikishwa atapewa barua fupi ya kwenda nayo hospitalini, inayosema alikata mabati ya asbesto, wapi na kwa muda gani, ili siku akienda na kikohozi kisichoisha au pumzi fupi daktari asiishie kwenye kifua kikuu. Gharama ya barua hizo na nauli ya wazee kwenda kupigwa picha ya kifua hospitali ya mkoa ni kifungu cha 7 cha bajeti. Hadi tunapokwenda mtamboni, daftari lina majina 11.